Baa na Mkahawa Vikifungwa kwa Amri: Nani Hustahiki Msaada wa Serikali

Swali moja hunijia kwa njia nyingi, mara kwa simu, mara baada ya sala ya Ijumaa, mara katika ujumbe mrefu ulioandikwa usiku wa manane na mtu aliyetoka zamu, na waulizaji wake aghalabu ni jamaa wa Afrika Mashariki wanaokaa Muaither, katika zile nyumba kubwa zilizogawanywa vyumba vyumba huku magharibi ya Doha. Mmoja ana sehemu yake katika kafeteria ya chai ya karak. Wa pili ana baa ndogo aliyomwachia ndugu yake Kisumu au Jinja. Wa tatu ana dada Uingereza aliyekodi baa ya mtaani. Na wote, kila inaposikika habari ya maradhi mapya, huuliza neno lile lile, kwamba serikali ikifunga tena milango yetu kama ilivyoifunga mwaka 2020 wakati wa korona, je, tutahesabiwa miongoni mwa wanaostahiki kusaidiwa, au tutaambiwa tena kwamba hatumo?

Jibu langu fupi ni kwamba mwaka ule, katika nchi zote nilizozitazama, aliyesaidiwa ni yule ambaye biashara yake, wafanyakazi wake na mapato yake vilikuwa vimeandikwa kabla ya siku ya kufungwa, hata kama hasara yake ilikuwa ndogo kuliko ya jirani yake asiyeandikwa popote. Jibu refu ndilo linalofuata.

Hoja mbili za kuondoa kwanza

Hoja ya kwanza ni ya wale wasemao, "Muaither hakuna baa, unaandika habari za nini?" Naam, hakuna. Katika Qatar pombe huuzwa katika hoteli na mahali pachache penye ruhusa maalumu, wala mtaa wa makazi kama Muaither hauwezi kuwa na baa. Lakini mkaazi wa Muaither anaweza kuwa na baa nyumbani kwao, na wako wengi wa namna hiyo, ambao mshahara wa ulinzi au wa udereva wa teksi uliojengea baa ile umetoka hapa hapa; na mwenzake anaweza kuwa na mkahawa hapa mtaani. Watu hawa wawili wote walifungiwa milango na serikali katika mwaka ule, kwa kuwa wote wana mahali pa watu kukutana, kukaa na kunywa, ama iwe bia ama iwe chai.

Hoja ya pili ni ya ndugu zangu Waislamu wasemao kwamba baa haifai kutetewa. Mimi sitetei kinywaji, na atakaye hukumu yake awaendee mashekhe. Muradi wangu ni hati, na hati za mwenye kuuza karak hazina tofauti kubwa na za mwenye kuuza bia.

Yaliyotolewa Qatar, na aliyeyafikia

Katikati ya Machi 2020 serikali ya Qatar ilitangaza mpango wa riyali bilioni 75 wa kuisaidia sekta ya watu binafsi, na katika siku zile zile mikahawa ikakatazwa kuwakalisha wateja ndani, ikaachiwa kupeleka chakula majumbani na kukitoa mlangoni tu. Katika mpango ule, mambo matatu ndiyo yaliyomhusu mwenye mkahawa:

- Msamaha wa umeme na maji kwa miezi 6, kwa sekta ya ukarimu na utalii, biashara ya rejareja, viwanda vidogo na vya kati, na pia majengo makubwa ya biashara, kwa sharti kwamba wenye majengo hayo wawape wapangaji wao huduma na nafuu.
- Mabenki kuelekezwa kuahirisha malipo ya mikopo ya sekta ya binafsi kwa muda wa miezi 6.
- Dhamana ya Benki ya Maendeleo ya Qatar, iliyoanza kwa riyali bilioni 3 na baadaye ikaongezwa, ambayo ilizifanya benki za nchi zikopeshe makampuni fedha za mishahara na kodi ya pango.

Sasa tazama kwa makini. Msamaha wa umeme humfikia yule ambaye mita imeandikwa kwa jina lake huko Kahramaa, shirika la umeme na maji; na mpangaji ambaye mita ni ya mwenye nyumba, naye hulipa umeme ndani ya kodi ya kila mwezi, hana bili ya kusamehewa hata kidogo. Aliyepanga katika jengo kubwa la biashara alikuwa na hoja ya kumkumbusha mwenye jengo, maadamu sharti la kuwapa wapangaji nafuu lilitajwa wazi. Ama aliyepanga duka la mtu mmoja katika mtaa wa nyumba za kukaa, huyo aliachiwa ihsani ya mwenye nyumba, na kwa maoni yangu hapo ndipo mpango ule mzuri ulipokuwa na tundu lake.

Kuahirishiwa mkopo kunamfaa aliyekopa benki. Wengi wetu mtaji wetu umetoka kwenye upatu, kwa shemeji, na kwa dhahabu ya mke, na wadai hao hawapokei maagizo ya benki kuu.

Ama dhamana ya mishahara, hiyo ndiyo iliyoulizwa zaidi na ndiyo iliyofahamika vibaya zaidi, kwani watu walidhani ni sadaka, na kumbe ulikuwa mkopo ambao benki iliutoa kwa moyo mweupe kwa sababu taasisi ya serikali ilisimama nyuma yake, na mkopaji alitakiwa aurudishe. Kisha mishahara iliyokubalika mbele ya benki ilikuwa ile iliyopita katika mfumo wa himaya ya mishahara ulioanza mwaka 2015, ambao humlazimu mwajiri kumtilia mfanyakazi mshahara wake katika akaunti. Mwenye kafeteria aliyekuwa akiwalipa vijana wake fedha mkononi, hata akiwalipa kwa uaminifu na kwa wakati, machoni pa benki alikuwa hana mfanyakazi hata mmoja.

Mtaniuliza habari ya riba. Qatar ina benki za Kiislamu, na mwenye kuiogopa riba aanze mlango huo. Lakini aanze mapema, kwa kuwa benki yoyote ile humsikiliza upesi mteja inayemjua kuliko mgeni aliyefungua akaunti siku ya balaa.

Jina la nani limo katika sijili?

Hapa nitakawia, kwa sababu hapa ndipo mushkili ulipo kwa watu wetu wa Muaither.

Kafeteria nyingi tunazoziita "ya fulani" si za fulani. Utaona dirisha dogo linalotazama barabara, birika la chuma linalotokota tangu alfajiri, maziwa ya kopo yakimiminwa, gari linasimama na kupiga honi, na kijana anatoka na sinia la vikombe vya karatasi. Na yule anayesimama nyuma ya kijana, anayenunua sukari na kulipa kodi ya pango na kula hasara, ni jamaa yetu. Lakini sijili ya biashara, yaani ule usajili ulioko wizarani, na leseni ya baladiya, yaani manispaa, na kadi ya kampuni, vyote vina jina la mwenyeji, ambaye hupokea ada yake kwa mwezi na hana habari nyingine. Jamaa yetu mwenyewe, katika hati zake za ukaazi, ni dereva au msimamizi wa kampuni nyingine kabisa.

Mpango wa namna hii una hatari mbili, na ya pili ni kubwa kuliko ya kwanza.

Ya kwanza ni kwamba msaada wa serikali ukija, unakuja kwa mwenye jina. Ni yeye atakayeitwa benki, yeye atakayetia sahihi, na kama hataki kubeba deni, hakuna wa kumlazimisha, kwa kuwa mbele ya sheria biashara ni yake. Nawe huna mahali pa kupeleka shauri, madhali mapatano yenu yalikuwa ya mdomo.

Ya pili ni kwamba kujificha nyuma ya jina la mwenyeji ili kufanya biashara usiyoruhusiwa ni kosa. Qatar ina sheria namba 25 ya mwaka 2004 inayokataza jambo hilo kwa pande zote mbili, kwa anayefichwa na kwa anayeficha. Maana yake ni kwamba ukienda ofisini kudai msaada kwa kusema, "Biashara kwa hakika ni yangu, huyu ni jina tu," umejishitaki kwa kinywa chako mwenyewe.

Njia ya halali ipo, na imepanuka. Sheria namba 1 ya mwaka 2019 ya uwekezaji wa mtaji wa asiye Mqatari ilifungua mlango wa mgeni kumiliki hata sehemu yote, kwa ruhusa ya wizara; na kabla yake pia ushirika wa sehemu ulikuwapo. Najua utasema, "Gharama yake ni kubwa, na mimi nina kafeteria ya meza tatu." Ni kweli. Lakini basi hesabu sawasawa: kama huwezi kuingia katika hati, usiweke humo fedha ambayo ukiipoteza utashindwa kurudi kwenu. Heri uwe mfanyakazi aliyeandikwa wa kafeteria ile kuliko mmiliki asiyeandikwa.

Mwenye baa Kenya au Uganda

Kenya ilifunga baa zote mnamo Machi 2020, na hazikufunguliwa ila tarehe 29 Septemba mwaka ule ule. Mikahawa ilianza kuruhusiwa mapema zaidi, kwa masharti ya afya, na papo hapo baa nyingi zikajibandika jina la mkahawa, zikaweka sahani ya chipsi mbele ya kila chupa. Hata Rais Uhuru Kenyatta, tarehe 27 Julai, akapiga marufuku kuuza pombe hata katika mikahawa yenyewe. Somo la mwenye baa katika kisa hiki ni kwamba kugeuza ubao wa nje hakugeuzi leseni, na mkaguzi akija husoma leseni.

Msaada wa Kenya ulikuja kwa njia tatu ambazo mwenye baa alisimama mbali nazo. Kodi ya mauzo ilipunguzwa kutoka asilimia 3 hadi asilimia 1, jambo jema kwa mwenye mauzo, lakini aliyefungwa mlango hana mauzo ya kutozwa. Katika mpango wa shilingi bilioni 53.7 uliotangazwa Mei 2020 zilitengwa bilioni 2 za mikopo nafuu kwa wenye hoteli na shughuli za utalii, na baa ya mtaani si hoteli. Zikatengwa bilioni 3 za kuanzisha mfuko wa dhamana ya mikopo ya biashara ndogo na za kati, na mfuko huo ulizinduliwa mwishoni mwa mwaka, wakati baa zimekwisha kufunguliwa. Kwa hiyo baa ya Kisumu iliyofungwa nusu mwaka haikuwa na mlango wake peke yake wa kubisha. Ilibidi ibishe mlango wa biashara ndogo, na huko huulizwa namba ya kodi, taarifa za benki na leseni iliyo hai.

Uganda ilikuwa kali zaidi. Baa zilifungwa Machi 2020 na hazikufunguliwa kwa halali hata 24 Januari 2022, karibu miezi 22. Misaada miwili ya kule inafaa kujulikana.

Mmoja ulikuwa wa mtu, si wa biashara. Mwaka 2021, katika kufungwa kwa mara ya pili, serikali iliwapelekea watu waliotazamiwa kuwa zaidi kidogo ya laki tano shilingi 100,000 za Uganda kila mmoja kwa simu, na katika orodha ya wanaostahiki walitajwa wahudumu wa baa, wapiga muziki wa baa na walinzi wa mlangoni. Waliokosa hawakukosa wote kwa kutostahiki. Wako waliokosa kwa sababu jina la laini ya simu halikuwiana na jina la kitambulisho cha taifa. Laini ya dada, laini ya mume, laini iliyonunuliwa sokoni kwa jina la asiyejulikana: fedha haikuingia.

Wa pili ulikuwa mfuko wa kufufua biashara ndogo, ulioanzishwa mwishoni mwa 2021 kwa jumla ya shilingi bilioni 200, nusu ya serikali na nusu ya mabenki, kwa riba ya asilimia 10 kwa mwaka. Ulikusudiwa biashara yenye wafanyakazi 5 hadi 49. Fikiri basi baa ya kawaida ya Jinja: mwenyewe, mkewe, na binti mmoja wa kuhudumu. Watatu. Masharti yalikuwa magumu kwa wengi hata yakaja kulegezwa baadaye.

Tanzania haikuwekwa chini ya kifungo cha nchi nzima kama Uganda, kwa hiyo jamaa wa Tanga na Unguja wanaonisomea hawana kisa cha kulinganisha. Lakini hatua nitakazozitaja chini zinawafaa vile vile.

Uingereza: pishi zuri linapokunyima msaada

Nauleta mfano huu kwa ajili ya wenye ndugu huko, na pia kwa sababu unaonyesha jinsi mstari wa kustahiki unavyoweza kuchorwa mahali usipopatazamia.

Desemba 2020, serikali ilitangaza kwa England malipo ya mara moja ya pauni 1,000 kwa baa zinazotegemea kinywaji. Kipimo chake kilikuwa kwamba baa iwe inapata chini ya nusu ya mapato yake kutokana na chakula. Tena iwe wazi kwa watu wote bila kiingilio cha kawaida, mtu aruhusiwe kunywa bila kuagiza chakula, na kinywaji kinunuliwe kaunta. Mikahawa, hoteli, kumbi za muziki na za kamari zilitolewa nje. Mwisho wa kuomba ulikuwa 31 Januari 2021.

Chukua mfano wa baa mbili zinazotazamana. Ya kwanza kila pauni 100 inazopata, 45 ni za chakula, hii imo. Ya pili mpishi wake ni hodari, na katika kila 100, 55 ni za chakula. Hii haimo, ijapokuwa zote zimefungwa kwa amri moja na hasara zao ni sawa. Na ya tatu, ambayo hatujui imo au haimo, ni ile ambayo mwenyewe anajumlisha mauzo yote ya siku katika tarakimu moja. Huyu wa tatu ndiye ninayemhofia, kwa kuwa ni sisi.

Msaada mkubwa zaidi wa huko, wa kulipia mishahara asilimia 80 hadi pauni 2,500 kwa mwezi, ulimhusu mfanyakazi ambaye mwajiri alikuwa amekwisha kupeleka taarifa zake kwa mamlaka ya kodi kufikia tarehe 19 Machi 2020. Mpango ulipotangazwa mara ya kwanza, tarehe ilikuwa 28 Februari, ikasogezwa. Watu walioajiriwa katikati ya tarehe hizo mbili walipona kwa kusogezwa huko tu.

Hatua za kufuata, ukiwa mbali au karibu

1. Soma leseni yako, neno la shughuli. Kama imeandikwa "mkahawa" na wewe unauza bia, au "baa" na nusu ya mapato yako ni nyama choma, sahihisha sasa, siku za amani, ambapo karani ana nafasi ya kukusikiliza.

2. Gawa daftari la mauzo. Safu moja ya kinywaji, moja ya chakula, moja ya mengineyo kama vile chumba, ukumbi au meza ya biliadi. Jumla ya siku iwe chini yake, na sahihi ya aliyefunga hesabu. Ndugu yako atasema ni kazi ya bure. Mwambie kwamba daftari lililoandikwa siku kwa siku, kwa kalamu tofauti na lenye doa la chai, huaminiwa na mkaguzi kuliko karatasi safi iliyoandikwa yote kwa usiku mmoja.

3. Mauzo yapite mahali yanapoacha alama. M-Pesa ya biashara, akaunti ya benki, mashine ya kadi. Si lazima yote, lakini sehemu kubwa ya kutosha kuonyesha mwezi wa kawaida ulikuwaje kabla ya kufungwa. Usichanganye simu yako ya kutumia nyumbani na ya biashara.

4. Waandikishe wafanyakazi, na uwalipe kwa njia inayoonekana. Hapa Qatar ni wajibu. Kwenu, hata kama sheria haikubani sana, risiti ya malipo ya simu ni bora kuliko kiapo.

5. Mkataba wa pango uwe wa maandishi, uwe na jina la biashara, na hapa Qatar usajiliwe baladiya. Tia ndani yake kifungu kimoja kisemacho itakuwaje ikiwa biashara itafungwa kwa amri ya serikali. Mwenye nyumba akikataa kifungu hicho, umejua jambo la maana juu yake kabla ya kumpa fedha.

6. Lipa kodi kidogo unayodaiwa, na utunze ushahidi wake. Nasikia mnaguna. Najua sababu ya watu kuikimbia, lakini aliyejificha serikali isimwone wakati wa kutoza, asitazamie kuonwa wakati wa kugawa.

7. Weka nakala mbili. Moja kwa ndugu aliyeko nyumbani, moja kwako Muaither, katika simu na katika karatasi.

Makosa yanayojirudia

- Kungoja tangazo ndipo kutafuta hati. Muda wa kuomba huwa mfupi, na ofisi zenyewe huwa zimefungwa nusu.
- Kudhani kwamba kila kinachoitwa msaada ni zawadi. Uliza mambo mawili tu: unarudishwa, na nani anadaiwa ukishindwa?
- Kuomba kwa jina la biashara iliyokufa. Leseni iliyokwisha muda wake miezi minne kabla ya kufungwa ni sawa na kutokuwa nayo, na hili huwaangusha hasa walio ughaibuni, kwa kuwa ndugu aliyeachiwa baa huona aibu kusema kwamba fedha ya leseni aliitumia kwa mambo mengine.
- Kumlipa dalali aliyesema ana mtu wizarani. Misaada yote niliyoitaja hapa iliombwa kwa benki, kwa ofisi ya serikali au ya manispaa, au ilipelekwa moja kwa moja. Hakuna hata mmoja uliohitaji dalali. Anayetaka ada ya kukuandikisha ni mwizi, na aghalabu anazungumza lugha yako.
- Kuongeza chumvi. Ukidai mauzo makubwa kuliko uliyoyatolea kodi, umewapa sababu mbili za kukufuata.

Na sisi wahudumu je?

Wengi wanaoniuliza si wenye mali. Ni wahudumu wa hoteli na mikahawa waliokaa vyumbani Muaither na kwingineko mwaka 2020 wakingojea simu ya meneja. Kwenu nina machache. Qatar wakati ule iliruhusu makampuni yaliyosimama kazi kuafikiana na wafanyakazi juu ya likizo isiyo na mshahara, au kuvunja mikataba kwa kufuata sheria ya kazi, lakini chakula na malazi vikabaki juu ya mwajiri. Kwa hiyo karatasi ya likizo ukiletewa, isome kabla ya kutia sahihi, na uulize iandikwe siku ya kuanza na siku ya kwisha, kwa kuwa likizo isiyo na mwisho ni kufukuzwa kwa adabu. Weka taarifa ya benki ya miezi ya karibuni. Ndiyo ithibati yako ukipeleka malalamiko wizara ya kazi.

Nikikataliwa?

Taka sababu kwa maandishi. Mara nyingi sababu huwa hati moja iliyokosekana, na hati moja hutafutika. Kama sababu ni kwamba shughuli yako haimo katika orodha, usipoteze nguvu kuwashawishi makarani waibadilishe orodha. Tafuta mlango mwingine ambao unaingia kwa sifa nyingine, kama mwajiri, kama mpangaji, kama mkopaji, kama mlipa kodi. Baa isiyo na fungu lake la msaada huenda ikapata nafuu ya pango. Kafeteria isiyopata mkopo huenda ikasamehewa umeme.

Basi leo kabla ya zamu, mpigie ndugu uliyemwachia biashara, au mwendee mshirika wako wa hapa, umwombe picha ya leseni pande zote mbili. Tazama mistari mitatu: jina, shughuli, na tarehe ya kwisha. Ukikuta mmoja kati ya hiyo si sawa, anza na huo, na mengine yote niliyoyaandika yangojee mpaka umalize.